Sindano ya Mechi

Muhula uliopita mwalimu wa kemia aliwasha taa ya spiriti mbele ya darasa, nami nikatoka nje bila ruhusa. Mlicheka. Wa dawati la nyuma mkasema ati naogopa moto, mtu wa kidato cha tatu anayepika kwao kwa kuni tangu ajue kutembea. Mimi si mtu wa kusema, hilo mnalijua. Nikiulizwa swali shingo inapata moto na jibu linarudi tumboni. Kwa hiyo sikuwajibu siku ile. Nilikaa nyuma ya maabara, nikanusa mikono yangu, ingawa sikuwa nimeshika kitu.

Haukuwa moto. Ilikuwa ile harufu.

Nilipokuwa mdogo, hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya mama yangu. Watoto wengine mama zao walinuka moshi, au maziwa, au majani ya kahawa. Wangu alinuka spiriti kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, hata Jumapili, hata akitoka kukamua ng'ombe. Kazi yake ilikuwa kuchemsha sindano kwa Daktari.

Daktari alikuwa na jina, lakini Nyeri nzima ilimwita hivyo tu, kana kwamba hakuna mwingine. Hospitali kubwa ilikuwa na madaktari wenye vyeti ukutani, na hakuna aliyewajua. Wakati wa wazungu huyu wetu alikuwa dresa, mtu wa kuosha vidonda na kufunga bandeji. Uhuru ulipokuja alikodi duka lililoachwa na Mhindi wa vitambaa, chini kidogo ya soko, akalipaka samawati chini na nyeupe juu. Kaunta ya Mhindi aliiacha palepale, na ile yadi ya shaba ya kupimia kitambaa bado imepigiliwa ukingoni. Wagonjwa waliegemea hiyo kaunta wakidungwa. Mimi nilidhani ile yadi ni ya kupimia ugonjwa umefika wapi.

Watu wa kwetu wakati huo walijua dawa moja tu, nayo ni sindano. Kidonge kilikuwa kitu cha kumfukuzia mtu mlangoni. Namkumbuka bibi mmoja kutoka Wamagana aliyeingia akiwa na karatasi ya hospitali kubwa, akaimwaga kwenye kaunta vidonge vikatawanyika.

"Tazama, Daktari! Nimetembea tangu jogoo, wakanipa mbegu. Ati nikapande?"

Daktari hakucheka. Aliokota vidonge kimoja kimoja, akavirudisha kwenye karatasi kwa heshima.

"Pole, Cucu, bibi yangu. Hawakujui. Geuka hapa."

Bibi aligeuka, akadungwa, akavuta pumzi kwa meno, akasema, "Eeeh. Hiyo ndiyo." Alitoka akitembea kama msichana. Kwa macho yangu nilimwona amepona kabla pamba haijakauka. Hata leo, nikijua ninayoyajua, siwezi kujilazimisha kusahau alivyotembea.

Foleni ikakua. Watu walianza kutoka Karatina, halafu Kerugoya, wakilala kwa jamaa zao mjini ili wawahi asubuhi. Daktari akachukua duka la pili, halafu la tatu, akatoboa kuta kati yao. Akanunua Peugeot nyeupe. Mama akapewa wanawake wawili wa kumsaidia na sufuria kubwa, ya kupikia harusi, na humo ndani mabomba ya kioo yaligongana yakichemka, tiki, tiki, tiki, mlio ambao bado nausikia chai ikianza kuchemka.

Kisha akanunua timu.

Ilikuwa timu ya vijana wa soko, wanacheza peku, goli lao ni mawe. Daktari aliwapa viatu na jina jipya, Theluji, kwa sababu ya mlima. Jezi zao zilishonwa kwa kitambaa kilekile cha makoti ya kliniki, cheupe pe. Wakiingia uwanjani ungedhani madaktari kumi na mmoja wamekuja kumtibu mtu. Na wakaanza kushinda.

Jumamosi ya mechi, saa nne asubuhi, wachezaji walipanga mstari kwenye kaunta na kila mmoja akadungwa sindano ya nguvu. Mashabiki waliona. Jumamosi iliyofuata wakapanga mstari nyuma ya wachezaji, wakitaka na wao. Wauza viazi, makarani, mpaka mzee wa kanisa.

"Mzee, wewe unacheza namba ngapi?" mtu aliuliza.

"Mimi nacheza kupiga kelele," mzee akajibu, akipandisha koti. "Hiyo pia inataka nguvu."

Waliiita sindano ya mechi. Asiyedungwa hakuwa shabiki, na Theluji ikifungwa alitafutwa yule ambaye hakudungwa. Nami nilidungwa, mkononi, na Daktari mwenyewe, kisha akanimiminia glukosi kwenye kiganja niirambe. Ile glukosi ilikuwa baridi ulimini halafu tamu, kama kula umande.

Sasa sikieni jinsi mtoto anavyofikiri. Niliona sindano zote zikitoka sufuria moja, ya mama yangu. Nikaelewa kwamba nguvu ni moja, imegawanywa. Iliyo mkononi mwangu ni sehemu ya iliyo miguuni mwa wachezaji. Kwa hiyo nikikimbia mimi, nawapunguzia. Tangu siku ile, Jumamosi za mechi nilikaa bila kusogea. Nilikunja miguu chini ya sketi, nikashika vidole vya miguu, na sikunyanyuka hata nyasi zikiniwasha. Mama alidhani nina minyoo.

Nilikuwa na sababu. Winga wa kushoto wa Theluji alikuwa kaka yangu, Wachira.

Uwanjani walimwita Wembe. "Wembe! Kata! Kata!" Alikuwa na miaka kumi na minane, anacheka kwa pua, na alikuwa ameshatoka jandoni, kwa hiyo alikuwa na thingira yake, kile kibanda cha kijana aliye mtu mzima, upande wa pili wa uwanja wa nyumba. Mimi ndiye niliyempelekea chakula. Lakini chai hakuletewa. Chai alikuja kunywa jikoni kwa Mama, amekaa kwenye kigoda cha chini kabisa, magoti yamefika masikioni, akimsimulia mechi nzima huku Mama akisema, "Toa mguu, unaziba moto." Baba alifanya kazi Kiganjo na kuja Jumapili tu, basi jiko lilikuwa letu watatu.

Wiki ya mechi na timu ya Kerugoya, Wachira alirudi kutoka mazoezini akiwa ameshika ukuta. Nilikuta goti lake limejaa kama kibuyu. Alikuwa amelala thingirani, mlango nusu wazi.

"Kanini, funga," akaniambia. Kanini ni mimi, yaani mdogo. "Niletee maji ya moto na chumvi. Mama akiuliza sema ni ya kunawa."

Nilimkanda. Aliuma kola ya shati.

"Utacheza?"

"Sichezi. Nitasema nina malaria."

"Lakini Daktari atakudunga upone."

"Kanini, unamjua Gathee?"

Nilimjua. Alikuwa beki wa Theluji zamani kidogo, siku hizi alikaa nje ya soko akiuza vitunguu, mguu mmoja umenyooshwa mbele kama fimbo.

"Gathee alikuwa na goti kama hili. Akadungwa hapo kwenye goti. Akacheza vizuri sana." Akatazama mlango. "Usimwambie mtu. Hata Mama. Niapie."

Niliapa. Na nilisikia maneno yote aliyosema, moja moja, ila nilielewa lile moja tu: akacheza vizuri sana.

Alhamisi nilienda kliniki baada ya shule, kumngoja Mama kama kawaida. Mama alikuwa uani akianika pamba. Daktari alikuwa peke yake kwenye kaunta, amevua koti, shati lake limekwisha kwenye kola. Siku hiyo niliona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa mtu aliyechoka. Watu wa Kerugoya walikuwa wamesema kwamba Theluji ikifungwa, ni dawa yake ndiyo imefungwa. Alikuwa amewaahidi watu wote ushindi. Aliniona, akachukua kopo la glukosi bila mimi kuomba.

"Mkono." Nikatoa. "Na Wembe wetu? Malaria yake inaendeleaje?"

Nilikuwa na glukosi mdomoni. Ilikuwa inayeyuka. Hakuna aliyenilazimisha, nataka niandike hilo wazi. Hakunitisha wala hakuniuliza mara mbili.

"Si malaria," nikasema. "Ni goti. La kushoto. Mdunge hapo, Daktari, apone."

Alifunika kopo taratibu, akabonyeza kifuniko pande zote mpaka kikalia. Kisha akanifuta unga kwenye kidevu kwa kidole chake cha gumba.

"Wewe ni mtoto mzuri," alisema.

Ijumaa asubuhi Peugeot nyeupe ilisimama kwetu. Jumamosi Wachira alikuwa kwenye mstari.

Sitawasimulia mechi. Nilikaa kwenye nyasi karibu na Mama, nimejikunja, nimeshika vidole vyangu vya miguu. Wachira alikimbia kama zamani, na mimi kila alipokimbia nilibana zaidi. Karibu na mwisho, bado sifuri kwa sifuri, alichukua mpira kwenye mstari, akawapita wawili, akapiga. Nyavu zilicheza. Uwanja wote ukapasuka. Na mimi, ambaye sikuwa nimesogea mechi saba, nilisimama nikakimbia. Nilikimbia kuelekea kwake nikipiga kelele.

Ndipo nikaliona.

Alikuwa akikimbia kushangilia, mikono juu, anacheka kwa pua. Lakini mguu wa kushoto, kuanzia gotini kwenda chini, ulikuwa umeangalia upande mwingine. Kila alipoukanyaga ulienda kando, kama mguu wa mtu mwingine uliofungwa pale kwa kamba. Naye hakujua. Hakuhisi chochote. Alikuja mbio namna hiyo hatua nne, tano, akicheka, na watu wa mbele wakaanza kunyamaza, na ule ukimya ukarudi nyuma safu kwa safu mpaka nikasikia sauti yake peke yake. Alituangalia, akashangaa kwa nini hatushangilii. Kisha akatazama chini.

Hakupiga kelele. Alikaa tu, polepole, akaushika ule mguu kwa mikono miwili kama mtu aliyeokota kitu na anatafuta mwenyewe. Kelele zilikuja baadaye, kwenye kiti cha nyuma cha Peugeot, dawa ilipoanza kuisha. Mama alikuwa amempakata kichwa. Daktari aliendesha bila kuangalia nyuma. Nilikuwa nimekaa mbele, na kila Wachira alipolia mimi nilijiambia, nimekimbia, nimekimbia, nimemmalizia nguvu.

Hospitali kubwa waliuliza amedungwa nini. Ilikuwa dawa ya ganzi, ile ya kung'olea meno. Wakauliza ni nani aliyemdunga. Na swali likishaanza kuulizwa halisimami. Walikuja watu wa serikali wenye kofia, wakafungua makabati, wakachukua chupa. Ilisemekana sindano ya mechi ilikuwa maji yaliyochemshwa na vitamini kidogo, rangi kidogo. Ilisemekana hakuwa na karatasi yoyote zaidi ya ile ya udresa. Wakatia kufuli.

Mnaweza kudhani mji ulimgeuka. Haukumgeuka, na hilo ndilo linaloniamsha usingizini. Foleni iliendelea kuja. Wiki nzima watu walikaa nje ya mlango wenye kufuli, wamejifunika blanketi, wakingoja. Yule bibi wa Wamagana alikuwa wa tatu kutoka mlangoni.

"Atafungua," alimwambia Mama. "Hao wa Nairobi wana wivu tu. Wewe mama Wembe, si una zile sindano? Nidunge wewe hata na maji."

Mama aliondoka karibu akikimbia. Nyumbani aliosha mikono kwa majivu, kwa sabuni ya kipande, kwa ndimu. Harufu ilikaa miezi.

Daktari aliuza Peugeot, akahama. Theluji ikavunjika. Jezi zilizobaki kwetu Mama alizipasua zikawa za kufutia meza, na mpaka leo moja ina namba kumi na moja nusu. Wachira alirudi kutoka hospitali goti likiwa halikunjiki, akajifunza kutengeneza redio kwa sababu ni kazi ya kukaa. Na hakuja tena kunywa chai jikoni kwa Mama. Chai nayo nikawa nampelekea thingirani pamoja na chakula. Nilidhani ndivyo mtu mzima anavyokuwa. Nilidhani, pia, kwamba kigoda kile ni kifupi mno kwa mguu usiokunjika. Mama hakukiondoa. Alikifuta kila asubuhi, akakirudisha palepale karibu na moto, na mimi nikawa naruka juu yake.

Kazi nyingine niliyopewa ni kumkanda goti. Baridi ya Julai na Agosti inaliingia. Miaka yote hii, nikiwa nyumbani, namkanda kwa dawa ya kuchua iliyo kwenye chupa ya soda, na siku moja nikiwa darasa la saba nikamwambia siri yangu: kwamba nilikimbia. Kwamba nilimmalizia nguvu. Alicheka mpaka akafuta macho.

"Kanini! Kwa hiyo ulikuwa umekaa hapo kama kuku anayeatamia, kwa ajili yangu?"

Na mimi nikacheka, nikajihisi mwepesi, kama aliyetubu. Kumbe nilikuwa nimetubu dhambi ambayo haikuwepo, nikaitandika juu ya ile iliyopo. Nafikiri niliijua hiyo nyingine siku zote. Ilikuwa na ladha ya glukosi. Sijawahi kuila tena.

Likizo hii ya Agosti habari zilikuja kwamba Daktari amekufa, upande wa Kerugoya, kwenye nyumba ya kupanga. Ilikuwa mchana wa ukungu, ule ambao huoni hata ndizi za jirani. Nilikuwa thingirani nimepiga magoti, chupa mkononi. Redio zilizofunguliwa zimejaa mezani.

"Alikuja hapa mara moja, unajua," Wachira akasema. "Ulikuwa shuleni. Amezeeka, koti limemzidi. Akakaa hapo ulipo."

"Alitaka nini?"

"Alileta redio." Akacheka kwa pua kidogo. "Ilikuwa nzima. Haikuwa na kasoro yoyote. Nikamtengenezea hivyo hivyo."

Niliendelea kukanda.

"Nikamuuliza nani alimwambia. Ati akasema hakuambiwa, aliniona nikishuka ngazi za posta, akajua ni goti." Akageuza redio moja mezani. "Kanini, wiki ile, baada ya kuumia, mimi sikufika mjini. Nilikuwa hapa kitandani. Mzee alinidanganya usoni, akiwa hana hata meno. Alikuwa anamficha mtu, yule niliyemshuku tangu hospitalini. Na mfanyakazi wake si alikuwa mmoja tu aliyelala nyumba hii?"

Sikuelewa mara moja. Au nilielewa, na mikono ikasimama kabla yangu.

"Simlaumu Mama sana," alisema. "Alikuwa na kazi ya kulinda, na wewe ulitaka karo. Lakini nikiona ile chai yake naona akimwambia."

Miaka minane. Miaka minane nimebeba kikombe kutoka jikoni hadi thingirani, na kila nikiwa nyumbani Mama ameniuliza, "Amekunywa?" nami nikasema amekunywa, nikaenda kufanya hesabu zangu. Mwongo mkubwa kuliko wote Nyeri alikuwa amesema uongo mmoja wa mwisho kumlinda mtoto aliyefutwa unga kidevuni, na uongo huo ulikuwa umeipigilia shaka ya Wachira juu ya mama yangu. Na Mama, ambaye hakuwahi kujua kosa lake ni lipi, alikuwa akifuta kigoda.

Shingo ikapata moto. Jibu likaanza kurudi tumboni, kama kawaida yake.

"Ni mimi," nikasema. Nililiambia goti. Usoni sikuweza. "Alinipa glukosi, nikamwambia ni goti la kushoto. Nilimwambia akudunge hapo. Mama alikuwa nje na pamba. Mama hakujua."

Matone yaligonga mabati. Kisha Wachira aliteremsha mguu wa suruali polepole, akalifunika goti. Alichukua ile chupa mkononi mwangu, akatafuta kizibo, akaifunga, akaiweka kwenye rafu kati ya redio, mahali nisipofika.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" akauliza.

"Tisa."

Akatikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. Akachukua fimbo yake, akasimama, akapita karibu yangu bila kunigusa. Nilimsikia akivuka uwanja, fimbo, mguu, fimbo, mguu, mpaka mlango wa jikoni ukalia. Halafu sauti ya Mama, nyembamba, kama mtu aliyeshtuliwa ndotoni.

"Ni nini? Umeumia?"

Sikusikia alichojibu. Nilisikia kigoda kikiburutwa, na baadaye sana, Mama akisema, "Toa mguu, unaziba moto," na sauti yake ikakatika katikati.

Tangu siku hiyo anajikanda mwenyewe. Hajanitolea neno baya. Nilipoondoka kurudi shuleni alinifungia sanduku kwa kamba, akavuta fundo mara mbili. Lakini kabla ya hapo, kila asubuhi ya likizo iliyobaki, nilisimama nje ya jikoni na beseni la vyombo nikiwasikia wawili hao wakiongea, na sikujua kama bado ningeweza kuingia.